Njia ya Kibendera

Siku ya Jumamosi soko la Migori hujaa kiasi kwamba ukikanyagwa, wewe ndiye huomba msamaha. Valary alikuwa ameinama juu ya lundo la viatu vya mtumba, sketi yake ya kitenge cha manjano ameibana katikati ya magoti isiguse vumbi. Akachomoa njumu moja nyeusi yenye mstari wa fedha. Ya kushoto. Ngozi laini, meno yote yapo chini. Akaanza kupekua kutafuta ya kulia.

Ya kulia ilikuwa tayari mkononi mwa mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa kijana mwembamba, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, fulana yake nyeupe imepigwa pasi kama ya kwendea kanisani.

"Samahani kaka, hiyo ni yangu," Valary akasema.

"Nami nilitaka kukuambia hiyo yako ni yangu."

"Hizi ni ndogo. Zinanitosha mimi."

"Na mimi pia."

Valary akamtazama miguu. "Mwanamume mzima, na mguu saizi yangu?"

"Ndiyo maana nakimbia. Sina mzigo."

Mirumbe, mama mwenye viatu, hakuinua macho kutoka kwenye sahani yake ya githeri. "Siuzi mguu mmoja mmoja. Elewaneni."

"Unacheza mpira?" kijana akauliza.

"Nilikuwa winga wa timu ya wanawake. Siku hizi nafundisha wasichana kule Homa Bay. Na wewe?"

"Nacheza cheza tu."

"Basi usicheze kama hawa wenu wa Kuja Stars. Niliwatazama wiki jana nikatamani kulia. Mpira ukitoka kwa kipa unaenda kulia, kwa namba saba. Namba saba anakimbia mpaka kwenye kibendera cha kona, anapiga krosi. Tena kulia, tena kibendera, tena krosi. Nyanya yangu haoni vizuri, lakini angemkaba yule kijana akiwa ameketi kwenye kiti chake."

"Labda kocha ndiye humwambia."

"Kocha atasema, lakini miguu ni ya nani? Mashabiki huimba hata kabla hajaanza: kibendera, kibendera. Wapinzani wakisikia wimbo wanaenda kumngoja huko."

"Kwa hiyo hajui mpira."

"Anajua, na hapo ndipo panaponiuma. Ana kasi ya swala na akili ya gari moshi."

Mirumbe akameza githeri yake. "Mura, kijana wangu Gisiri," akamwambia, "huyu dada umemkosea nini?"

Valary akahisi masikio yakichemka. Namba saba wa Kuja Stars alikuwa Gisiri Mwikwabe. Jina hilo hata wachunga ng'ombe walilijua. Kijana akainua kofia, na chini yake kulikuwa na macho yaliyojaa kicheko.

"Akili ya gari moshi," akasema. "Hiyo sijawahi kuitwa."

"Siwezi kuirudisha. Ni kweli."

"Usirudishe. Wengine hunitukana tu. Wewe umenieleza." Akaipima ile njumu kiganjani. "Tununue pamoja. Wewe kaa na ya kushoto, mimi ya kulia. Ukinifundisha njia nyingine, nakupa na hii."

"Nikishindwa?"

"Utanipa hiyo yako. Ila lazima uniachie namba ya simu. Nitajuaje mateka wangu ni mzima?"

Mirumbe akawafungia kila mmoja kiatu chake kwenye gazeti, akitikisa kichwa kama aliyewahi kuona mambo ya aina hiyo na kujua yanakoishia.

Simu ililia kabla Valary hajavua viatu mlangoni kwao.

"Kocha, umefika?"

"Nani amekuruhusu kuniita kocha?"

"Umeshika kiatu changu. Nikuite nani?"

"Niite Valary. Halafu ulale mapema, Saba. Nakutaka Jumatatu, na mwili mwepesi."

Jumatatu ilikuwa siku ya mapumziko ya Kuja Stars, na kila Jumatatu Gisiri alikuja Homa Bay. Walikutana kwenye uwanja wa shule chini ya kilima cha Asego, mahali ambapo upepo wa ziwa huleta harufu ya dagaa wa omena waliotandazwa juani. Valary alivaa bukta ndefu ya buluu na kitambaa chekundu kichwani. Gisiri alidai kitambaa kile kilimpotezea mpira mara nyingi kuliko beki yeyote.

"Bega lako linasema ukweli mno," Valary alimwambia. "Beki hatazami miguu, anatazama bega. Mwonyeshe kibendera kwa bega, kisha kata ndani kwa mguu wa kushoto."

"Huo mguu wa kushoto ni wa kupandia kitanda tu."

"Basi leo utafanya kazi."

Ulifanya kazi. Mwanzoni mpira uliruka hadi kwenye shamba la mahindi, wakaenda kuutafuta wote wawili, na hawakuwa na haraka ya kuupata. Baadaye ulianza kutii. Siku moja, wakila samaki wa kukaanga kwenye kibanda kando ya maji, Valary akamuuliza kwa nini siku zote alikuwa akikimbilia kibendera.

Gisiri akachambua miba. "Mama huchoma mahindi uwanjani. Mechi yangu ya kwanza aliona haya kukaa na wanaume jukwaani, akaweka jiko lake nyuma ya kibendera. Nilipopewa mpira nikaogopa. Nikakimbilia aliko. Nikapiga krosi, tukafunga. Tangu hapo miguu inaijua njia hiyo peke yake."

Valary hakucheka. Alimwekea kwenye sahani kipande chake cha samaki, kile cha shavuni, ambacho kwao hakipewi mgeni wa kupita.

"Jumapili ya mwisho ya ligi tunacheza na nyinyi wa Homa Bay," Gisiri akasema. "Tusiposhinda, tunashuka daraja, na wengi wetu tutaachwa. Huu mguu wa kushoto hajauona mtu. Wewe tu."

"Mimi tu," Valary akajibu, na alimaanisha.

Alhamisi ya wiki ile, redio moja ya pale mjini ilimwalika kwenye kipindi cha wachezaji wa zamani. Baba yake, Mzee Willis, aliyekuwa beki wa kushoto mwenye sifa mpaka Kisumu, hakukosa kipindi hicho hata alipougua. Studioni, pembeni ya mzee, alikaa Paul, kipa wa zamani, mwenye kicheko cha kutingisha meza. Ziwa United ya Homa Bay ingekuwa mgeni wa Kuja Stars Jumapili, na simu za mashabiki zilikuwa za moto.

"Mimi niko Awendo," mmoja akasema. "Kuja Stars hushambulia kama lori la miwa. Unajua linatoka wapi, linaenda wapi, na litakwama wapi."

Paul akacheka hadi akakohoa. "Namba saba wakimwacha nyumbani, mpira wenyewe utaenda kibenderani kwa mazoea."

"Niacheni na goti langu hili bovu," Mzee Willis akasema, "bado ningemkaba huyo kijana huku nakula kuon, ugali wangu, kwa mkono mmoja. Amekwisha. Hana jipya."

Valary alikuwa amekaza vidole kwenye ukingo wa meza. Alimwona Gisiri kwenye mahindi, akitafuta mpira, jasho kwenye nyusi. Neno *amekwisha* lilimchoma kama ametupiwa yeye.

"Mnamjua Gisiri wa jana," akasema. "Jumapili mtamtafuta kibenderani mkute ameshakata ndani kwa mguu wa kushoto. Nimemwona kwa macho yangu."

Mzee Willis akamgeukia binti yake taratibu, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani na mwenyewe haonekani. Hapo ndipo Valary akaelewa alichokifanya, na neno lilikuwa limeshafika Mfangano, Rongo, Migori, na kambini kwa Ziwa United.

Gisiri alipiga simu Valary akiwa bado kwenye ngazi za studio.

"Nimekusikia."

"Nilikuwa nakutetea, Gisiri. Walikuwa wanakucheka."

"Walinicheka miaka yote, sikufa. Redio ilikuwa katikati ya meza, tunakula, timu nzima. Kocha akaniuliza huyo dada ni nani. Nikakosa la kusema."

"Ungemwambia ni mtu anayekupenda."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa kati yao, na lilikuwa limekuja siku mbaya.

"Anayenipenda ni binti ya Willis," akasema kwa sauti ya chini, "na amewaambia watu wa Homa Bay nitapita wapi. Ungekuwa mimi ungeamini nini?"

Simu ikakatika. Kesho yake basi likamletea kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Ndani kulikuwa na njumu ya kulia, imepakwa rangi ikang'aa, bila salamu.

Valary akaipeleka hadi kwa baba yake, aliyekuwa akisikiliza redio uani.

"Baba, ulimwambia Bravin?" Bravin ndiye aliyekuwa beki wa kushoto wa Ziwa United, na Mzee Willis ndiye aliyemlea kisoka.

"Nilimwambia asimame ndani, asitoke. Wewe umetangaza, mimi nimetumia. Mpira ndivyo ulivyo, nyathina, mwanangu."

"Nampenda, baba."

"Bravin?"

"Gisiri."

Mzee akazima redio. "Kwa hiyo nimemzibia mkwe wangu njia," akasema.

Neno hilo, njia, likabaki kichwani mwa Valary. Bravin akisimama ndani, nje ataacha nini? Akampigia Gisiri simu mara moja. Haikupokelewa. Akaandika ujumbe, haukufika. Kocha wa Kuja Stars alikuwa amekusanya simu za wachezaji wote asubuhi hiyo, wasisikie tena mambo ya redio.

Jumapili alivaa kile kitenge cha manjano, akafunga kamba za njumu mbili pamoja, akazitundika shingoni, akaenda Migori. Hakwenda jukwaani. Alifuata moshi wa mahindi hadi nyuma ya kibendera cha kona. Mama wa makamo, leso kiunoni, alikuwa akipepea jiko. Ndiye Susana, mama yake Gisiri.

"Wewe ndiye wa redio," mama akasema.

"Ndimi, mama. Nimekuja na aibu yangu."

Susana akamtazama, akazitazama zile njumu. "Simama upande huu basi. Huko moshi utakuumiza macho."

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha kutesa. Kila Gisiri alipokata ndani, Bravin alikuwa pale, akauchukua mpira kama mtu anayechukua mali yake. Jukwaa likazomea. Wengine wakaanza kuimba kibendera, kwa dhihaka.

Kipindi cha pili timu zilibadilishana pande, na Kuja Stars wakawa wanashambulia kuelekea walikosimama Valary na Susana. Gisiri akapata mpira.

"Gisiri, kibendera," Valary akaita kwa nguvu zake zote.

Aligeuza shingo, akamwona. Akakunja uso. Akakata ndani, akanyang'anywa.

"Haniamini," Valary akasema.

"Amekusikia," Susana akajibu, akigeuza hindi. "Kusikia ndiko hutangulia."

Muda ulikuwa ukiyoyoma mpira ulipomfikia tena, karibu na mstari. Bravin alikuwa ameshajipanga ndani, mikono ameitanua. Nyuma yake, nyasi tupu hadi kwenye moshi wa mahindi.

"Yuko ndani, Saba. Mwongopee kwa bega, uje huku."

Gisiri aliutuliza mpira. Macho yake yalipanda, yakakutana na njumu mbili zilizofungwa pamoja juu ya kitenge cha manjano. Bega lake likaenda ndani. Lilidanganya vizuri sana, jinsi lilivyofundishwa chini ya Asego. Bravin akalifuata, na Gisiri akapita nje, mbio, kwenye njia aliyoijua tangu mechi yake ya kwanza, hadi Valary akasikia pumzi zake. Krosi ikapaa. Oliver, mshambuliaji wao mrefu, hakulazimika hata kuruka kuupiga kichwa wavuni.

Uwanja ukafurika kelele. Susana akaangusha hindi kwenye majivu na hakuliokota.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Kuja Stars wameshinda na kubaki darajani, Gisiri alikuja kwenye uzio, jezi imegandamana na mwili.

"Nilikosea," Valary akasema. "Nilitaka wakuone ninavyokuona mimi. Siri haikuwa yangu peke yangu."

"Nami nilikuhukumu kabla ya kukuuliza." Akashika kamba ya njumu kupitia uzio. "Zimekutana?"

"Umezikutanisha mwenyewe, kwa hasira."

"Basi sitaki kuzitenganisha tena. Umenifundisha njia mbili, Valary, mpaka sasa mimi mwenyewe sijui nitapita ipi. Lakini kwako nataka njia moja tu. Nikija kwenu rasmi, na mama, na wajomba, utakuwepo?"

Kabla hajajibu, mtu akakohoa nyuma yake. Mzee Willis, katika jezi kuukuu ya buluu, alikuwa amefika kwa kuchechemea kutoka jukwaa la wageni.

"Kijana," akasema, "bega lile ni la nani?"

"La binti yako, mzee."

"Nilijua. Si la Kuja Stars." Akasogea karibu na uzio. "Sasa sikiliza. Siku ukija kwangu, hayo mabega uyaache uwanjani. Pita langoni, mchana, ng'ombe wa mahari wakitangulia, kila jirani akijua unakokwenda."

"Kama gari moshi," Gisiri akasema.

Valary akacheka huku machozi yakimtoka, akasingizia moshi. Susana aliokota hindi lingine lililoiva, akalivunja katikati, akampa Valary nusu, na nusu akampitishia Gisiri kwenye uzio.