Pedali ya Kijani Namba Moja

Maiti ililala kifudifudi katikati ya chumba cha mazoezi, miguu mitupu, gitaa la besi likiwa bado limeshikwa begani na mkanda wake. Viatu vilikuwa dirishani, vimeegemezwa vikauke. Mvua ya asubuhi ilikuwa imevilowesha chapachapa.

Inspekta alisimama mlangoni, hakuingia. Alikuwa mwanamke mwoga na hakuona haya kukiri. Miaka kumi na sita ya upelelezi ilikuwa imemwonyesha jinsi majasiri wanavyoingia kwanza na kuuliza baadaye.

"Umeme umezimwa?"

"Mlinzi amezima, Afande," Koplo alijibu.

"Umehakikisha mwenyewe?"

Koplo akarudi kuhakikisha.

Marehemu aliitwa Nguzo, kwa sababu hakutikisika hata bendi nzima ikipotea njia. Alifika saa tatu asubuhi kufanya mazoezi peke yake. Mlinzi, ambaye alikuwa ametoka tu kudeki sakafu, alisikia besi likinguruma kwa dakika chache, kisha kimya. Daktari wa polisi alikuta alama ndogo za kuungua kwenye vidole vya mkono wa kushoto na nyingine kwenye unyayo. Umeme uliingilia huku ukatokea kule, alieleza, na hakuona dalili yoyote ya ugomvi.

Ajali basi, wengine wangesema, wakarudi nyumbani kula. Inspekta alivaa glavu akachuchumaa. Mbele ya maiti palikuwa na kisanduku cha chuma cha kijani, nusu ya tofali kwa ukubwa, chenye swichi ya kukanyaga na kitufe kimoja cha kuzungusha. Waya ulitoka ubavuni mwake ukaenda moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani.

"Hii ni pedali ya fazi," alisema Koplo. "Ukiikanyaga, besi linakwaruza kama lori linalopanda mlima."

Koplo alikuwa mpiga besi wa bendi ya polisi, na pedali za fazi zilikuwa ugonjwa wake. Zile za dukani, alilalamika, ni bei ya ng'ombe na ndama wake. Ndiyo maana watu kama yeye na Nguzo waliwatafuta mafundi wadogo, wanaotengeneza moja moja majumbani kwao, sauti ileile kwa bei ya binadamu. Aliwajua mafundi hao wote, na wengine aliwasumbua mpaka wakamkimbia.

"Hii siijui," alisema, na sauti yake ilikuwa na wivu kidogo.

Saa tano mtaalamu wa maabara alikuwa ameshaifungua. Aliwaita, akawaonyesha kwa ncha ya bisibisi. Mzunguko wenyewe ulikuwa safi, umepigwa lehemu kwa subira. Tatizo lilikuwa kwenye chakula chake, yaani umeme inaotumia. Aliyeitengeneza alikuwa amechukua utumbo wa chaja ya simu akaupachika ndani. Kila chaja ina upande wa ukutani na upande salama, na pande hizo mbili hazikutani kamwe. Humu ndani zilikutanishwa, kwa waya mwekundu usiozidi urefu wa ukucha.

"Kwa nini mtu afanye hivyo?" Inspekta aliuliza.

"Chaja rahisi zina mvumo. Waya huu unaunyamazisha kabisa."

"Na unafanya nini kingine?"

"Unaleta umeme wa ukutani kwenye sanduku, kwenye nyuzi za gitaa, kwenye mkono wa mpigaji. Mwenye viatu vikavu anaweza kuhisi mtekenyo tu. Huyu alisimama peku kwenye sakafu mbichi."

Kisha mtaalamu akakigeuza kifuniko. Kwa ndani palikwaruzwa namba kwa msumari: nne.

Inspekta akapiga hesabu. Nne maana yake kulikuwa na moja, mbili na tatu, na huenda tano. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo kila mwenye gitaa ana mahali pa kulipigia. Alimwambia Koplo afanye chochote, hata apige mbiu ya mgambo. Koplo hakuhitaji mbiu. Aliandika ujumbe kwenye kundi la simu la wapiga besi, watu mia mbili na ushee ambao kazi yao kubwa ilikuwa kuulizana nani anauza pedali rahisi.

Saa saba mchana mwalimu wa hesabu alileta namba mbili. Nusu saa baadaye, mpiga besi wa kwaya akaleta namba tatu, akaapa kwamba ilikuwa ikimtekenya na alidhani ni Roho. Wote wawili walinunua kwa muuza redio kuukuu. Muuza redio alipobanwa alisema aliletewa tatu tu, na mwendesha pikipiki asiyemjua, pamoja na karatasi iliyosema hizo ndizo zote isipokuwa ya kwanza, ambayo haiuzwi.

Haiuzwi, lakini ilikuwa mahali fulani, imechomekwa au inangoja kuchomekwa.

"Hebu fikiri," alimwambia Koplo. "Nani anatengeneza mzunguko wa namna hii?"

"Sauti nimeijaribu kwa betri, Afande. Ni ya Mama Pedali, au ni ya mtu aliyemwibia."

Mama Pedali alikuwa mjane aliyefanyia kazi kwenye meza yake ya jikoni, chuma cha lehemu upande mmoja na sufuria upande wa pili. Kila mzunguko aliomaliza aliumwagia gundi nyeusi ikagandia juu yake, ili asiwepo wa kuchungulia siri yake. Masanduku alipelekewa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyeyapaka rangi nyuma ya nyumba ya tatu kutoka pale. Binti yake pekee alikuwa mpiga besi, na picha yake ilibandikwa juu ya jokofu, mdomo kwenye maikrofoni.

Walipofika kwake, aliitazama pedali ya Nguzo kwa kioo cha kukuzia, akanyoosha kidole kwenye kidubwana cha manjano.

"Mzunguko ni wangu. Hiki hakifanyi kazi yoyote. Nakiweka chini ya gundi ili mwizi akinakili, anakili na upuuzi. Lakini zangu zinakula betri. Sijawahi kumpeleka mtu ukutani mimi."

"Nani angeweza kuikwangua gundi yako?"

"Mwenye wiki mbili za kupoteza."

Alikichukua kifuniko cha kijani, akakipapasa ukingo. Kidole gumba chake kilifika kwenye tundu la skrubu, kikatulia hapohapo. Inspekta aliona. Aliwahi kuwaona watu wengi wakificha visu, na wote hutulia namna ile.

"Kuna nini hapo, dada?"

"Hakuna."

"Naomba nione."

Ndani ya tundu kulikuwa na kibanzi chembamba cha mti. Mama Pedali akaketi. Wapakaji wengine, alieleza polepole, huacha rangi ikaziba matundu, kisha skrubu zikagoma. Shemeji yake huyaziba kwa njiti za kiberiti kabla ya kupaka. Hakumjua mwingine mwenye kawaida hiyo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alinong'ona Koplo, na Inspekta akamkanyaga mguu.

"Ni baba mdogo wa mwanangu," alisema Mama Pedali. "Nenda naye taratibu."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Taratibu ndicho kitu ambacho Inspekta hakuwa nacho.

Shemeji, yule mpaka rangi, walimkuta uani, katikati ya masanduku matupu yaliyotundikwa kwenye kamba yakauke. Alikuwa mtu mpole, mwenye rangi mpaka kwenye nyusi. Inspekta alimwambia kwamba hakulazimika kusema lolote na kwamba lolote atakalosema lingeandikwa. Kisha akaiweka ile ya kijani juu ya pipa.

"Hii ni yako?"

"Mimi napaka rangi tu, Afande."

"Njiti zako zimo."

"Sanduku huenda nimepaka mimi. Ya ndani siyajui."

"Waya mwekundu huujui?"

Alichovya brashi kwenye kopo.

"Asubuhi hii umemuua mtu. Mpiga besi, alikuwa peku."

Brashi ilimponyoka. Aliuliza kama ana hakika, na Inspekta akamwambia jina, saa na alama za unyayoni. Mwanamume yule akatazama masanduku yake moja moja, macho yakimtoka. Swali lililofuata lilimtoka mdomoni kabla akili haijalizuia.

"Na mtu akiwa na viatu... lakini anaimba?"

"Maikrofoni imeunganishwa na ardhi kwa waya wake," Koplo alisema. "Mdomo ukiigusa, umeme unapitia hapo, viatu havisaidii."

Inspekta alikumbuka picha ya juu ya jokofu.

"Namba moja anayo binti wa kaka yako."

"Nilimpa zawadi, nikamwambia nimeinunua kwa fundi nisiyemjua."

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Ukumbi wa harusi, kule karibu na kituo cha mafuta. Wanaanza saa kumi."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane. Koplo alikuwa tayari ameshawasha pikipiki na kuondoka. Inspekta aliichukua namba ya binti kwa baba yake mdogo, akapiga, simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatika tena. Kisha akatafuta namba ya ukumbi, akampata msimamizi ambaye alitaka kwanza kujua yeye ni nani na ana kibali gani.

"Zima swichi kubwa," alisema. "Ukichelewa kuizima nitakushtaki kwa mauaji."

"Bwana harusi anaingia sasa hivi, mama."

"Aingie gizani."

Simu ikakatika. Hakujua kama msimamizi amekasirika au amekwenda kwenye swichi. Alibaki na simu mkononi, na hakukuwa na la kufanya ila kungoja. Mpaka rangi hakuweza kukaa kimya. Alianza kusema, bila kuulizwa, na Inspekta akaandika kwa sababu mkono ulihitaji kazi.

"Miaka kumi na miwili nimepaka masanduku yake. Yanakuja matupu, yanaondoka matupu. Nilimwomba anifundishe. Alisema mkono wangu ni wa brashi, si wa lehemu. Hakusema kwa ubaya. Alicheka, na mimi nikacheka."

"Ukamwibia."

"Moja ilirudi imeharibika, akanipa niikwangue rangi. Nikakwangua na gundi. Nilitaka asikie tu. Asijue ni ya nani, binti aipige, yeye asikie, aseme ni nzuri. Baada ya hapo ningemwambia."

"Na zile tatu ulizopeleka kuuzwa?"

"Watu wanalia na bei, Afande. Ilikuwa nzuri. Nilishindwa kuikalia."

"Ulipozijaribu ulihisi nini?"

Alitazama ncha za vidole vyake. "Sisimizi. Nikavaa ndala, nikaendelea."

"Basi ulijua."

"Nilijua nikiutoa ule waya, mvumo unarudi. Na shemeji yangu angeusikia mvumo kabla ya kusikia kitu kingine chochote."

Simu ikaita. Inspekta aliipokea kwa mikono miwili. Koplo alikuwa akihema: ukumbi ulikuwa giza totoro, shangazi wa bibi harusi alikuwa akimtukana kila mtu, na binti alikuwa hai, amekasirika, hatua mbili kutoka kwenye maikrofoni. Pedali ilikuwa mkononi mwake Koplo, imechomolewa.

"Binti kaniambia na jingine, Afande," Koplo aliongeza, akashusha sauti.

Inspekta alisikiliza mpaka mwisho. Alipoishusha simu, aliketi juu ya pipa jingine bila kujali rangi. Alimwambia mpaka rangi kwamba mtoto ni mzima. Yule bwana alijiinamia akalia kwa sauti, kama mtu anayetapika.

Aliyobaki angeweza kuyanyamazia. Mtu huyu alikuwa anakwenda kushtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na Nguzo alikuwa na mke ambaye mchana ule alikuwa amekabidhiwa viatu vyake. Lakini yalikuwa sehemu ya kesi, na yalikuwa haki yake.

"Jumatano binti alimtumia mama yake wimbo kwenye simu, akipiga na pedali yako," alisema. "Mama yake aliusikiliza mara tatu."

Mpaka rangi aliinua uso. "Akasemaje?"

"Alisema haina mvumo hata kidogo. Akamwambia binti amtafute huyo fundi, popote alipo, aje amfundishe alivyofanya."