Baraka ya Yona

Asubuhi Eunike alikamua ng'ombe, kisha akampelekea baba yake uji. Mzee Abdiel hakuugusa. Juma lililopita walikuwa wamemzika mkewe pale kwenye migomba, Nkoaranga.

"Yona ameshaisikia baraka ya mama yake?" mzee aliuliza.

"Bado, baba."

Yona, kitindamimba wao, alikuwa kazini Uarabuni. Hakupewa ruhusa ya kuja kuzika. Mama alipoona safari yake imefika, aliwabariki watoto wake mmoja mmoja, na binamu yao akarekodi video. Yona alitajwa mwishoni. Lakini video ilikuwa nzito. Kila Eunike alipoituma, mtandao ulikatika njiani, akaanza upya.

Akashuka Kikatiti kwa Salha, dada mwenye steshenari. Salha alimpa pole ya msiba, akaigawa video kwenye kompyuta, kisha akamwekea vipande kwenye simu. Kipande kidogo hupita upesi, alimweleza, na kikikwama unakirudia hicho tu.

Njiani Eunike aliwaza kama mtu wa migomba. Mkungu ukiukata, kila chane inapikwa peke yake. Basi akamtumia Yona kipande cha mwisho tu, chenye jina lake.

Jioni Yona akapiga simu. Kipande hakifunguki. Akasema, "Labda sikuandikiwa kuisikia, dada."

Eunike alilia mpaka usingizi ukamchukua. Kesho yake akarudi kwa Salha.

"Shoga yangu, hizi si chane za ndizi," Salha alisema taratibu. "Ni kama barua iliyochanwa. Neno limeanzia karatasi hii, limeishia ile. Kipande kimoja kikikosekana, hakuna kitu."

"Basi nimeiharibu sauti ya mama?"

"Hujaiharibu. Video nzima unayo?"

"Ninayo."

"Usiifute mpaka Yona aseme imefunguka."

Salha akamweleza yaliyobaki. Atume vipande vyote. Asibadilishe majina wala namba zake, maana kompyuta huvipanga kwa namba hizo. Yona aviweke vyote kwenye folda moja, awe na programu ileile iliyovigawa, halafu afungue kile cha kwanza. Programu itaviunga yenyewe.

Eunike akatuma. Kimoja kikakwama, akakirudia hicho. Kule Yona akaazima kompyuta ya mwenzake.

Simu ilipoita, Eunike aliweka sauti kubwa, akaisogeza kwa baba. Kule Yona alikuwa ameifungua video. Kutoka mbali walimsikia mama akikohoa, akipumzika, kisha akisema: "Yona, usijilaumu kama hutanikuta. Nenda kwa amani."

Halafu wakamsikia Yona. Alikuwa akilia kama mtoto.

Eunike alitaka kumnyamazisha. Mzee Abdiel akamshika mkono, akainamia simu.

"Lia, mwanangu," alisema. "Sasa na wewe umemzika mama yako."