Mdahalo wa Radi na Upepo

Kila siku masomo yakiisha, Cherehani alipitia dukani kwa baba yake, kinyozi, akaketi kwenye benchi la wateja na kufanya kazi za shule mpaka mama yake atoke hospitalini, alikokuwa akifua mashuka. Jina hilo la utani alipewa na bibi yake akiwa na miaka mitatu, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na mdomo bado ulikuwa ukishona.

Pale dukani, kati ya harufu ya spiriti na mngurumo wa mashine ya kunyolea, ubishi ulikuwa mmoja tu: ni nani mwanamichezo bora kuliko wote waliowahi kutoka mkoani kwao? Wateja waligawanyika kati ya watu wawili. Wa kwanza alikuwa Radi, bondia aliyekwisha kufariki. Wa pili alikuwa Upepo, mwanamke aliyewahi kushinda mbio ndefu za bara zima, kisha akaacha kukimbia ghafla akiwa na miaka ishirini na minne. Huyu alikuwa hai. Alikuwa na mashine ya kusaga nafaka nyuma ya soko, na kila jioni aliwafundisha watoto kumi na wawili kukimbia katika uwanja wa shule.

"Radi aliangusha watu thelathini na mmoja!" alisema fundi redio siku moja, kichwa chake kikiwa kimenyolewa nusu.

"Kuangusha watu hata ngazi mbovu inaangusha," baba alimjibu. "Upepo alikimbia."

"Mbona basi aliacha katikati? Wakimbiaji wa siku zile, bwana... huenda walikuwa wanakunywa vitu."

"Tulia, nisije nikakukata sikio," baba alisema, na maneno yakaishia hapo. Cherehani alikuwa akichora ramani kwenye daftari, lakini masikio yake hayakuwa kwenye ramani.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa Kiswahili alitangaza mdahalo, na mada ilikuwa ileile ya kinyozi. Cherehani alipewa kumtetea Radi. Upande wa Upepo alipewa Kiberiti, msichana mdogo, mwepesi, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Kiberiti alikuwa mwanafunzi hodari kuliko wote wa Upepo, na siku kumi na tatu baada ya mdahalo angekimbia katika mbio za mchujo za kutafuta timu ya watoto ya mkoa.

Siku ya Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Cherehani alianza vizuri, akacheka na kuchekesha. Kisha Kiberiti akasimama. Hakuwa na maneno mengi, lakini aliyokuwa nayo yalikuwa na uzito.

"Radi alipopigana, alikuwa na kocha, daktari na watu wa kumfuta jasho," alisema kwa sauti ndogo. "Upepo alijifundisha mwenyewe kwenye barabara ya vumbi. Na leo Radi amebaki kwenye picha, lakini Upepo bado anawakimbiza watoto wa mkoa huu. Mimi ni mmoja wao."

Makofi yakalipuka. Cherehani aliona hata mwalimu anatikisa kichwa kwa kuridhika. Zilibaki dakika mbili za kujibu, na kwenye karatasi yake hakukuwa na jibu. Akafungua kinywa bila kujua kitakachotoka.

"Mwenzangu hajawaambia kwa nini Upepo aliacha kukimbia," alisema. "Mimi nitawaambia. Alipimwa, akakutwa na dawa za kuongeza nguvu. Akafukuzwa! Je, mdanganyifu anaweza kuwa bora kuliko Radi?"

Ukumbi ukavuma kama mzinga uliopigwa jiwe. Kiberiti alibaki amesimama. Mwalimu aliuliza habari hizo amezipata wapi. "Zinajulikana," Cherehani akajibu. Kura zikapigwa, na upande wa Radi ukashinda ngao ya mdahalo. Wenzake walimbeba juu juu hadi nje.

Wanasema neno likitoka halirudi. Hilo halikutoka tu, liliota miguu. Jumamosi lilifika sokoni. Jumapili lilikuwa limeongezewa kwamba Upepo huwatilia watoto dawa kwenye chupa za maji. Jumatatu jioni watoto watano hawakuonekana uwanjani. Jumanne baba yake Kiberiti, mwashi mwenye maneno machache, alivificha viatu vya bintiye juu ya kabati na kusema, "Hakuna kukimbia tena."

Darasani Kiberiti alihama dawati. Cherehani alipomwita wakati wa mapumziko, Kiberiti alimtazama kama mtu anayetazama ukuta.

Alhamisi, akielekea dukani, Cherehani alipita kando ya uwanja. Upepo alikuwa amesimama peke yake na saa yake ya kupimia muda shingoni. Alikuwa amekwisha kupanga vijiti vya kuzungukia. Alisubiri. Akatazama barabara ya upande huu, akatazama ya upande ule. Mwishowe akaanza kung'oa vijiti, kimoja kimoja, bila haraka, akavifunga kwa kamba.

Cherehani hakula chakula siku hiyo. Mama alimgusa paji la uso, akadhani ni homa. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili alijiambia kwamba watu watasahau tu. Lakini Jumatatu alipokaa kwenye benchi dukani alimsikia mteja mmoja akisema, "Afadhali wangemfungia Upepo hata ile mashine yake. Nani anajua anachotia kwenye unga?" Daftari likamwanguka mkononi.

Mteja alipoondoka, Cherehani alisema, "Baba, ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Habari za Upepo. Ni mimi niliyezisema shuleni."

Baba aliweka chini mashine aliyokuwa akiisafisha. "Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Fundi redio alisema huenda. Mimi niliiondoa ile huenda."

Baba alikaa kwenye kiti cha kunyolea, uso wake kwenye kioo ukiwa umezeeka ghafla. "Na mimi nilikuwepo hapa," alisema. "Nilisikia, nikafanya mzaha badala ya kumkanya. Vaa viatu."

Alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo Cherehani hakuwahi kuliona.

Walimkuta Upepo mbele ya mashine yake, nywele na kope zikiwa nyeupe kwa unga. Hapakuwa na foleni. Cherehani alimwamkia, naye akaitikia. Kisha Cherehani akayasema yote, macho chini. Upepo alizima mashine.

"Nilipimwa mara kumi na moja," alisema. "Sikuwahi kukutwa na kitu. Niliacha kwa sababu mama yangu alipata kiharusi. Nilimlisha, nikamwogesha na kumgeuza kitandani miaka tisa. Hakukuwa na mtu mwingine."

"Nisamehe, Kocha."

"Nimekusikia." Hakutabasamu. "Lakini umekuja kuniambia mimi, ambaye nilikuwa najua kuwa ni uongo. Nenda ukawaambie wasiojua."

Kesho yake mstarini, mbele ya shule nzima, Cherehani alirudisha ngao ya mdahalo na kusema kwamba alidanganya. Wengine walizomea. Mwalimu wa Kiswahili aliwanyamazisha, kisha akasema kwamba hata yeye ana kosa: aliuliza ushahidi mara moja tu, akaridhika na jibu lisilo jibu.

Jioni Cherehani alizunguka nyumba kumi na mbili za wanafunzi wa Upepo. Baba alikwenda naye, lakini hakumsemea hata neno moja. Mama mmoja alilia. Mwingine alisema, "Mtoto huna adabu," akafunga mlango. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Kiberiti. Yule mwashi alisikiliza mpaka mwisho, mikono yenye saruji imekunjwa kifuani.

"Juzijuzi ulisema hivi, leo unasema vile," alisema. "Mdomo ni uleule. Nitajuaje upi ni ukweli?"

Cherehani aliinua macho, akamtazama usoni.

"Yale ya kwanza yalinipatia ushindi, mzee," alisema. "Haya yananipatia aibu. Kama ningekuwa natunga, nisingetunga haya."

Mwashi alimtazama sana. Kisha akaingia ndani, na wakasikia kiti kikiburutwa hadi kwenye kabati.

Lakini ilibaki siku moja tu. Alhamisi, siku ya mchujo, wasichana ishirini na sita walipangwa kwenye mstari, na wanne wa kwanza ndio wangechaguliwa. Kiberiti alikimbia na kundi la mbele mpaka mzunguko wa mwisho. Hapo miguu iliyokaa zaidi ya wiki bila mazoezi ikaanza kumsaliti. Alivuka mstari akiwa wa tano.

Cherehani, aliyekuwa amekuja na darasa lake, alimkuta kwenye benchi, kitambaa usoni, mabega yakipanda na kushuka. Upepo alikuwa amechutama mbele yake akimfungua kamba za viatu. Watoto wengine wa mazoezi walisimama nyuma. Walikuwa kumi na mmoja pamoja na Kiberiti. Mmoja hakurudi, na hakurudi kamwe.

"Ni kwa sababu yangu," Cherehani alisema.

"Ndiyo," Upepo alijibu, wala hakuipunguza ndiyo ile. "Mwakani zipo mbio nyingine, na huyu atakimbia. Lakini hizi za leo hazirudi."

Cherehani aliinamisha kichwa. Upepo akainuka, akajifuta magoti.

"Nisikilize, mwanangu. Kutaka kushinda si kosa. Hata mimi nilitaka, na nilitaka sana. Lakini mkimbiaji akizidiwa huongeza mbio. Hamtegi mwenzake mguu. Wewe ulizidiwa kwenye mdahalo, ukamtega mtu ambaye hata hakuwa mashindanoni. Kushindwa kwa haki kunauma siku mbili. Kushinda kwa uongo, umeona mwenyewe kumeuma watu wangapi. Nashukuru ulirudi kusema kweli, maana wengi hawarudi. Ila siku nyingine usingoje mpaka mtu avuke mstari akiwa wa tano."

Uwanjani walikuwa wakiita wavulana wajipange. Kiberiti aliondoa kitambaa usoni, macho mekundu, akamtazama rafiki yake. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana.