Majalada Saba Matupu

Ijumaa, saa kumi na dakika tano jioni, Mzee Hezekiah Wambugu alivuta jalada la kwanza kutoka kwenye rafu ya sebule yake huko Mweiga, akaliona jepesi. Akavuta la pili. Jepesi vilevile. Alipofika la saba, alikaa. Majalada yalikuwa pale pale, yamepangwa vile marehemu mkewe alivyoyapanga, lakini santuri zenyewe hazikuwemo.

Zilikuwa za roki laini, ile ya watu wazima: piano, gitaa lisilo na kelele, na mwanamume anayemwomba mkewe msamaha bila haraka. Albamu kumi na mbili kwa jumla, tano zikiwa bado zimo, ambazo yeye na mkewe walizinunua moja moja tangu mwaka wa harusi, na kila moja ilikuwa ikisikizwa upande mzima bila kurukwa wimbo. Na usiniambie huo ni muziki wa wageni. Zunguka Nyeri Jumapili mchana uhesabu wazee wanaouimba huku wakinyoa ndevu.

Kufikia saa kumi na mbili jioni, Gatimu, mkamuaji wa ng'ombe wa Mzee, alikuwa seli. Jirani alikuwa amemwona Alhamisi akitoka sebuleni na gunia, na Mzee hakutaka maelezo zaidi. Jumatatu angefikishwa kortini. Watiri, mkewe Gatimu, alikuwa na mimba ya miezi minane.

Kesi ilimwangukia Koplo Wakiuru Kahiga wa upelelezi, mzaliwa wa Kieni, mwanamke aliyelelewa kwa maziwa na viazi na asiyependa kuharakishwa. Jumamosi saa mbili asubuhi alianza na Gatimu.

"Hiyo gunia ilikuwa na nini?"

"Chumvi ya ng'ombe, madam. Mzee huiweka kwa kona ya sebule ndio isilowe."

"Mbona hukumwambia?"

"Nilimwambia. Lakini mtu akishaitwa mwizi, hata salamu yake inakuwa uongo."

"Alhamisi nani mwingine alikuwa nyumbani?"

"Mzee alikuwa ameenda Nyeri, kliniki ya presha. Nilimwachia Beth, binti yake, mikebe ya maziwa aoshe, mimi nikaenda kukata nyasi."

Koplo aliandika yote, saa na mahali, kisha akaenda kwa Mzee. Beth, aliyekuwa amerudi kutoka Sagana kumuuguza mama, akabaki kumtunza baba baada ya mazishi, alileta chai, akaondoka bila kunywa.

"Mzee, kuna mtu aliwahi kutaka hizi santuri?"

"Isse, yule wa mbuzi wa Nanyuki. Wiki jana alitaka nimuuzie zote. Nikamwambia siuzi, hata akileta ngamia."

"Na Gatimu? Nyumbani kwake kuna kitu ya kuchezea santuri?"

Mzee alikohoa. "Ako na redio tu."

"Basi ataziimbia mwenyewe," Koplo alisema, akafunga daftari.

Koplo alimpata Isse sokoni Chaka saa sita mchana, katikati ya mbuzi wake. Aliposikia saba zimeibwa na majalada yakaachwa, hakukasirika. Alitoa kibali cha kusafirisha mifugo, chenye mhuri wa Isiolo wa Alhamisi na mwingine wa Ijumaa.

"Nilizitaka, ndio," alisema. "Nyimbo hizo mimi huzisikiliza kwa redio nikiendesha lori. Lakini madam, santuri bila jalada nitapeleka wapi? Hata mbuzi nikinunua, nanunua na ngozi yake. Zimebaki gani?"

Koplo alimsomea majalada matano kutoka daftarini: lenye piano uwanjani, lenye mwanamke dirishani, na mengine matatu.

Isse alicheka. "Hizo ndizo safi. Hizo saba zilikuwa zimeshika ukungu. Mzee alinichezea moja, ikakwaruza kama mtu anakaanga mahindi. Huyo mwizi wako hajui kuiba."

Koplo Wakiuru alisimama hapo sokoni kwa muda, mbuzi wakimsukuma magoti. Mwizi gani huyo anayebeba vichafu akaacha visafi? Mwenye kutaka kuuza hafanyi hivyo, wala mwenye kutaka kusikiliza. Basi ni mtu aliyeutaka huo uchafu wenyewe, auoshe.

Saa nane alirudi Mweiga, akapita nyuma ya jikoni bila kubisha. Mikebe ya maziwa ilikuwa imepinduliwa kwenye kichanja. Katikati ya mbao, alikuta kipande cha karatasi nyekundu, kidogo kama ukucha, kimekauka na kushikamana na ubao. Kilikuwa na herufi ndogo zilizopigwa chapa, zimepinda kufuata duara. Karatasi ya namna hiyo hubandikwa katikati ya santuri. Alikibandua kwa wembe akaingia nacho sebuleni, ambako Mzee na Beth walikuwa wamekaa.

"Beth, hapa mikebe ya maziwa mnaosha aje?"

"Vile mama alitufunza. Maji moto kabisa, sabuni, halafu kichanja, jua likaushe."

"Na santuri?"

Koplo aliweka kile kipande mezani. Beth alikitazama, akainuka, akaenda chumbani kwake. Alirudi na fungu la shuka, akalifungua mbele ya baba yake. Santuri zote saba zilikuwa zimejikunja kingo kama chapati iliyosahaulika jikoni.

"Baba, mwezi ujao mama anatimiza mwaka," alisema. "Tangu tumzike umecheza hizi mara moja tu, siku ya Isse. Ilipokwaruza uliizima, ukaenda kukaa na ng'ombe. Nikasema nitazitoa ukungu ndio siku hiyo ya mama uzisikie vizuri. Niliosha vile ninajua kuosha. Zilipoingia maji moto, zikaanza kulegea kwa mkono wangu."

"Na ukanyamaza?" Mzee aliuliza.

"Nilikuwa nangoja Ijumaa jioni, ukishakula. Nikasikia umeshaita polisi. Nikaogopa. Kila saa ikipita, inakuwa ngumu zaidi."

"Kuharibu santuri za nyumbani hakutakupeleka kortini," Koplo alisema. "Lakini mtu amelala kwa simiti, na wewe umelala kwa kitanda ukijua."

Beth aliinamisha kichwa. Alilia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Mzee aliokota santuri moja, akaipitisha kidole ukingoni. Aliumia, na uso haukuficha. Mikono ya Beth ndiyo iliyoharibu, na mikono hiyo hiyo ilikuwa imemwosha mkewe siku za mwisho.

"Hizi tutazililia baadaye," alisema. "Nipe kofia yangu."

Saa kumi jioni, kituoni, Mzee aliondoa mashtaka. Gatimu alitoka seli akiwa amekunja koti mkononi.

"Nisamehe, Gatimu."

"Nimekusamehe, Mzee. Lakini uliniita mwizi pale lori ya maziwa inasimama, watu wakiwa kwa foleni ya jioni. Hao hawako hapa."

Koplo Wakiuru alijifanya anatafuta kalamu.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, foleni ya maziwa ilikuwa ndefu na baridi ilikuwa kali. Gatimu alisimama kando na mkewe. Mzee Hezekiah alienda mbele kabisa, akavua kofia.

"Ijumaa nilisimama hapa nikasema Gatimu ni mwizi," alisema. "Hakuiba kitu. Nilimsingizia."

Beth aliweka mkebe chini, akaja akasimama karibu na baba yake. "Alisema hivyo kwa sababu mimi nilinyamaza. Ni mimi niliharibu hizo santuri."

Watu walitazama chini. Mwenye lori alizima injini. Kisha Watiri, mkono kwenye tumbo, akasema taratibu:

"Rudia, Mzee. Wa nyuma hawakusikia."

Mzee akavuta pumzi, akarudia kwa sauti.