App Iliyofutwa Ikaendelea Kula

Chesang alirudi kutoka kuuza maziwa Njoro, akatazama simu yake. Pesa alizoweka humo zilikuwa zimepungua tena.

"Baba Cheruto," alimwambia mumewe, Kiptum, aliyekuwa akinoa panga uani. "Ulishika simu yangu?"

"Niishike ya nini? Hata namba ya siri siijui."

"Basi hizi pesa zinaenda na nani?"

Kiptum aliweka panga chini. "Sema tu unaniita mwizi."

Aliacha chai yake mezani, akaenda shambani bila kuaga.

Chesang aliifunika ile chai. App ya filamu, ile waliyolipia kila mwezi, alikuwa ameifuta yeye mwenyewe. Bundles za intaneti zilikuwa zimewashinda, na filamu ilikwama kila walipofika patamu. Walikubaliana watazame DVD za mitumba kwa deki yao ya zamani. Sasa kama si app, ni nani? Alimwamini Kiptum. Lakini pesa hazina miguu.

Alienda sokoni kwa jirani yao Rahab, aliyetengeneza simu na kuuza DVD.

"Mama Cheruto, mbona uso hivyo?"

"Aki Rahab, sielewi." Akamweleza yote.

"Uliifuta vipi hiyo app?"

"Nilifinya ile picha yake, ikatoka kwa simu. Kwani kuna kufuta kwingine?"

"Hapo ndipo wengi hukosea. Umetoa picha tu. Ile ruhusa ya kukata pesa bado iko. Fungua duka la app, pale ulipoipakua. Tafuta malipo ya kila mwezi."

Chesang alifungua. Jina la ile app lilikuwa pale pale, limetulia kama mgeni asiyetaka kwenda.

"Kumbe! Na si niliitoa?"

"Bonyeza pa kusitisha. Usifunge mpaka uone ujumbe kwamba malipo yamesimama."

Ujumbe ukaja.

"Kwa hivyo baba Cheruto..."

"Hajaguza kitu. Nenda ukamwambie. Lakini chagua DVD kwanza! Igeuze kwenye mwanga. Ikiwa na mikwaruzo mingi, wacha. Tuijaribu kwa deki yangu kabla hujalipa. Na ukiipangusa, toka katikati uende nje. Usizungushe."

Jioni Chesang alimngoja Kiptum mlangoni.

"Nimekukosea, baba Cheruto. Ni ile app. Ilikuwa bado inajikatia."

"Iliyofutwa?"

"Hata mimi nilichanganyikiwa. Rahab amenionyesha pa kuisitisha."

"Basi kesho iamke ikamue ng'ombe, kama inakula hapa."

Alitania, lakini hakucheka. Wiki zilizofuata alitazama DVD akiwa kwenye kiti cha kando, mbali na kochi la mkewe.

Mwezi uliofuata, siku ya kukatwa pesa ilifika ikapita. Chesang alimwambia Kiptum namba yake ya siri, akampa simu.

"Angalia mwenyewe."

Kiptum alipekua ujumbe wa pesa mmoja mmoja.

"Ziko zote," alisema. Akahamia kwenye kochi, akamwachia mkewe nafasi kando yake. "Cheruto! Weka DVD, mama yako anakaa hapa."