Mashine Iliponyamaza

Ndugu zangu wa Nyatike, na ninyi wa kwetu Kosele mtakaofikiwa na maneno haya, nawaomba mnisikilize kwanza, mtanicheka baadaye. Mimi nauza chai na chapati karibu na mashimo ya dhahabu hapa Macalder. Kwa kuwa niliolewa kutoka Kosele, watu huniita Nyar Kosele, yaani binti wa Kosele, na wengine husema mdomo wangu haupumziki hata Jumapili. Sawa tu. Leo mdomo huo una kazi.

Asubuhi ya Alhamisi ninayotaka kuwasimulia ilikuwa nzuri. Mvua ilikuwa imenyesha na vumbi lilikuwa limetulia. Cephas alikuja kibandani kwangu na mkewe Roseline na mdogo wake Zablon, wakanywa chai kwenye benchi moja. Cephas alikuwa mtu wa utani. Aliniambia chapati zangu zimeanza kukonda, labda zimeingia kwenye maombi ya kufunga. Roseline alicheka hadi chai ikampalia. Sijamwona akicheka hivyo tena.

Niwaeleze kazi yao, maana si kila mtu ameona shimo. Cephas ndiye aliyeingia chini kuufuata mwamba wenye dhahabu kwa nyundo na tindo. Roseline alikaa chini ya mteremko na wanawake wenzake, wakiponda mawe na kuosha mchanga. Zablon alikaa juu, kwenye mdomo wa shimo. Pale juu kuna injini ndogo ya petroli inayosukuma hewa hadi chini kwa mpira mrefu, kwa sababu kule ndani hewa huharibika upesi. Kuna pia kamba inayoshuka hadi alipo mchimbaji, na huku juu imefungwa kwenye mkebe wenye kokoto. Aliye chini akipata shida huivuta, na mkebe unalia.

Kwa hiyo kazi ya aliye juu ni masikio. Akisikia mkebe, anaitika. Injini ikinyamaza, anainuka na kuiwasha. Injini ya akina Cephas ilikuwa na tabia ya kuzimika, lakini Zablon aliiwasha kila mara kabla kaka yake hajamaliza kulalamika, na kazi ikaendelea.

Sasa tuje kwa simu. Mke wa Zablon, Lynnet, anafanya kazi za nyumbani Uarabuni. Zamani Zablon akitaka kuongea naye ilimbidi angoje jioni, kazi ikiisha, aende hadi barabarani kutafuta mtandao. Kisha mfanyabiashara mmoja aitwaye Mniko akaweka kisahani cha intaneti juu ya paa la duka lake, na waifai ikafika hadi kwenye mashimo yenyewe. Tulifurahi sana. Mimi mwenyewe nilimwona mjukuu wangu akitambaa huko Mombasa nikiwa nimeshika unga mkononi. Simlaumu Mniko, wala kisahani chake.

Tatizo lilikuwa kelele. Lynnet alilalamika kwamba injini inammeza mumewe, haambulii neno. Basi akamtumia zawadi: simu mpya pamoja na visikizi vidogo vya masikioni visivyo na waya, vya aina inayozima kelele za nje. Ukivivaa unamsikia unayeongea naye tu. Zablon alinipa nijaribu. Nilivivaa, na machimbo yote yakatoweka, injini, nyundo na watu. Niliogopa, nikavitoa mara moja nikamrudishia.

Cephas naye hakuvipenda. Siku moja, akijifunga kamba tayari kushuka, nilimsikia akimwambia mdogo wake, "Omera, ndugu yangu, hiyo kitu toa masikio nikiwa chini."

"Nimeweka moja tu," Zablon akajibu. "Hii ingine iko wazi."

"Nani alikuambia nataka unisikie nusu?"

"Sawa, brathe. Nimeskia."

Akavitoa, na kwa muda alikaa bila. Kisha kimoja kikarudi sikioni, na hakuna aliyesema kitu, maana hakuna kilichokuwa kimeharibika.

Alhamisi hiyo, jua likiwa utosini, Lynnet alipiga simu ya video. Baadaye ndipo tulipojua alichokuwa akisema: mwajiri wake alikuwa amemruhusu aje nyumbani Desemba. Habari kama hiyo, nani angetaka kuisikia kwa sikio moja? Zablon akaweka na kisikizi cha pili, akaipa injini mgongo ili jua lisimulike kwenye kioo cha simu, akaanza kucheka na mkewe. Nilimwona kutoka kibandani na nilimfurahia, kwa sababu alikuwa mpweke muda mrefu. Injini hapa ni nyingi, zote zinanguruma pamoja, na mimi siwezi kujua ipi ni ya nani.

Roseline alijua ya kwao. Ekzosi yake, lile bomba la moshi, ilikuwa imepasuka na ilikuwa inakohoa. Aliniambia kwamba aliisikia ikinyamaza, akangoja iwake. Akaendelea kuponda mawe kidogo. Haikuwaka. Akafikiri labda wametoka kwenda kula, kisha akakumbuka kwamba Cephas hali chakula bila kumwita. Akaitupa nyundo, akaupanda mteremko mbio.

Nilipomwona akipita vile, niliacha chapati jikoni nikamfuata. Alikuwa akiita jina la shemeji yake njia nzima. Zablon hakugeuka hadi aliposhikwa bega. Aligeuka akiwa bado anatabasamu.

"Mashine," Roseline akasema.

Zablon akaitazama injini, kisha akautazama mkebe. Haukuwa mahali pake. Msumari uliokuwa umeushikilia ulikuwa umeng'oka, mkebe uko chini, kokoto zimemwagika. Cephas alikuwa ameita. Alikuwa amevuta kwa nguvu zake zote, na ndugu yake alikuwa amekaa hatua chache kutoka hapo akiambiwa habari za Desemba.

Alitupa simu, akavikwanyua visikizi masikioni, akashika kamba na kuivuta. Chini hakuna aliyejibu. Akataka kuingia. Monari, mchimbaji wa shimo la jirani, alimdaka kwa nyuma na kumwangusha.

"Niache! Ni brathe yangu."

"Ukiingia sasa tutatoa wawili," Monari akasema. "Hewa kwanza."

Monari na wenzake wakauvuta mpira wa injini yao hadi pale, wakauteremsha. Mimi nilikuwa nimemshika Roseline. Hakuwa analia. Alikuwa akiniambia polepole, "Amechoka tu. Anapumzika." Hewa ilipotosha, Monari akashuka, na baada ya muda Cephas akavutwa juu akiwa amefungwa kamba kifuani. Monari alipotoka alimwekea sikio kifuani, akakaa hivyo kwa muda mrefu, kisha akavua kofia yake.

Simu ilikuwa bado inawaka pale kwenye udongo. Niliiokota. Lynnet alikuwa kwenye kioo, midomo yake inauliza kitu, lakini sauti haikutoka, kwa sababu sauti yote ilikuwa kwenye vile vidude vilivyoanguka. Sikujua nifanye nini. Nilimtazama, nikatikisa kichwa, nikamwona akishika mdomo wake.

Hakungoja Desemba. Alikuja kwa mazishi, akapiga magoti mbele ya Roseline na kusema, "Ni mimi nilimtumia."

"Wewe ulituma zawadi," Roseline akamjibu. "Hukuwekwa juu ya shimo." Zablon alikuwa amekaa karibu, na alisikia kila neno.

Matanga yalipoisha, Zablon alirudi machimboni kutafuta kazi, maana sasa nyumba mbili zilimtegemea, na Adhiambo, kifungua mimba wa Cephas, yuko shuleni. Hakuna aliyemtukana. Walimkaribisha chai, wakamuuliza hali ya watoto. Lakini hakuna mchimbaji hata mmoja aliyekubali kushuka yeye akiwa juu. Monari ndiye aliyemwambia wazi: "Ndugu yangu, nakuhurumia sana. Lakini mimi pia nina mke." Siku hizi Zablon anaponda mawe na wanawake chini ya mteremko. Roseline humsalimia asubuhi, na baada ya salamu hamwambii neno lingine hadi jioni.

FUNZO

Simu si adui, wala mtandao usio na waya. Huniletea wajukuu, na wengi huuza dagaa wa omena kule ziwani Sori kwa mtandao huohuo. Wala kumpenda mke aliye mbali si kosa. Kosa ni kuwa na mtu aliyekuachia pumzi yake, kisha ukampa mwingine masikio yako. Nawaambia ninyi mnaokaa juu ya mashimo, ninyi mnaobeba abiria kwa pikipiki, ninyi mnaouguza wazazi na kulea watoto: mkishakabidhiwa uhai wa mtu, vitoeni hivyo vitu masikioni, vyote viwili, hadi mtu huyo atoke salama. Lynnet angeweza kungoja hadi jioni. Cephas hakuweza.