Kompyuta Iliyoandikwa UBONGO

Asubuhi ya siku ya kukabidhi kazi, kompyuta moja ilikutwa haipo mezani. Mlango haukuvunjwa. Mpelelezi alipoingia, manukato ya bosi wa kampuni yalikuwa yamejaa chumba kizima, kana kwamba hewa kainunua yeye.

"Afande, wameiba ubongo wa kazi yetu!" bosi alilalama. "Programu yote ya hospitali ilikuwa humo. Na mwizi ndiye huyu, juzi nilimnyima likizo. Mfunge."

Alimnyooshea kidole fundi wake, binti aliyeitwa Kimya. Binti alikuwa analia bila sauti.

"Wenye funguo ni nani?" mpelelezi aliuliza.

"Yeye, mfagiaji, na mimi. Sasa mimi nijiibie?"

Mpelelezi alishausoma mkataba wa kazi ya hospitali: kampuni ikichelewa, kila siku inailipa hospitali fidia, isipokuwa pakitokea wizi. Alimgeukia mfagiaji.

"Mama, hiyo kompyuta unaijua?"

"Ile yenye karatasi ya UBONGO?" Mama aliangua kicheko mpaka akaegemea ufagio. "Mwanangu, lile kongwe? Wanapigia muziki tu. Karatasi kaibandika Kimya, utani wao."

"Kimya, kazi ya hospitali iko wapi?"

"Kwenye hizi nyingine, Afande. Na kila jioni tunaweka nakala nje ya ofisi. Haijapotea. Ila haijafika hata nusu. Bosi alituhamishia kwenye duka la mtandaoni la mkewe."

Bosi alikohoa. Jasho lilianza kuyashinda manukato.

"Basi mwizi ni mtu aliyeiamini ile karatasi," mpelelezi alisema. "Kimya kaiandika mwenyewe. Mama anaicheka. Kabaki nani?"

"Unanivunjia heshima! Kampuni hii nimeianzisha mimi!"

"Na hujui inavyofanya kazi. Fungua buti ya gari lako."

Kompyuta ilikuwa humo, imeviringishwa kwenye koti la suti, karatasi yake bado imeganda.

"Fidia ingenimaliza," bosi alinong'ona. "Nilidhani ikipotea hii, kila kitu..."

"Ulidhani! Ungemfunga mtoto wa watu kwa uzembe wako, na hata kuiba kwenyewe umeshindwa. Hospitali wataambiwa hakuna wizi. Fidia inaanza leo. Twende."

Kimya alifuta machozi, akaibandua karatasi taratibu.

"Samahani, bosi," alisema. "Nilidhani unajua ni utani."